Nisomee Hapo

Nimeigiza mbele ya wanafunzi kwa miaka kumi na mitatu, mchana kweupe, na ni siku moja tu niliyowahi kuwaombea watoto wasicheke. Walicheka. Walicheka mpaka mwalimu mmoja akaisahau fimbo yake chini, akawa anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nilikuwa jukwaani nimevaa sketi ya bluu ya shule, mtu mzima wa miaka arobaini kasoro, nimekumbatia mfuko wa madaftari, na sikuwa na pa kukimbilia.

Kwa asiyeijua kazi yetu nieleze kidogo. Maonyesho ya mchana ni ya shule. Tunaazima ukumbi pale Kibaha, tunaziandikia shule barua, nazo zinaleta watoto kwa mabasi madogo, wengine kwa lori, kutoka Mbwawa, Zegereni, mpaka Dutumi. Siku nyingine ni sisi tunaofungasha vitu na kuwafuata. Madirisha tunayaziba kwa vitambaa vyeusi ili jua lisituharibie taa, na bati nalo halina huruma, kwa hiyo ndani kunakuwa kama kwenye sufuria lililofunikwa. Weka humo watoto mia tatu, ubuyu, maandazi na jasho la njiani, ndipo mahali petu pa kazi. Wenzetu wanaoigiza jijini jioni, kwa watu waliooga, huwa wanatuonea huruma. Mimi niliwaonea huruma wao.

Watoto si watazamaji wa kukaa kimya. Ukimtafuta mwizi jukwaani watakuonyesha kwa vidole aliko, hata kama mchezo unataka usimwone. Ukijifanya unalia, wa mbele watakwambia pole. Mtu mzima anakuja kwenye maigizo kukupima. Mtoto anakuja kukuamini, na ukimwambia wewe ni simba, utabaki kuwa simba mpaka basi lao litakapofika kuwachukua. Niliwapenda kwa hilo, na ninawapenda bado.

Kundi tulilianzisha watu wawili, mimi na mwenzangu mmoja wa kiume. Wengine walijiunga baadaye. Yeye ni Msukuma. Wazazi wake walishuka na ng'ombe akiwa mdogo, wakaweka boma upande wa Dutumi, yeye akasomea Kibaha na hakurudi tena kwenye ng'ombe. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na kwetu ni kwetu tangu babu wa babu. Kwa hiyo sisi ni watani, na tangu siku ya kwanza hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Ilikuwa mtani huku, mtani kule. Yeye akichelewa mazoezini namwambia michembe, vile viazi vyao vya kukausha, imemlemea tumboni. Mimi nikichelewa anawaambia wenzetu wanisamehe, huko Kisarawe kumelia ngoma, na Mzaramo akisikia ngoma hata wali jikoni unajiunguza wenyewe. Mume wangu alikuwa anasema tunatupiana maneno kama wake wenza. Tulitupiana hivyo miaka yote na hakuna neno lililowahi kutuachia kidonda.

Namna yetu ya kufanya kazi niieleze pia, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Sisi hatuandiki maneno ya mchezo. Tunaandika muhtasari kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuubandika nyuma ya pazia: mtoto anafika shuleni, mlinzi anafungua geti, mwalimu mkuu anatokea. Yatakayosemwa yanazaliwa palepale. Vituko tunaviokota katika maisha yetu. Mtu akisimulia jambo wakati tunakunywa chai, tuseme shangazi yake aliyemkimbiza kuku mpaka barazani kwa mkwe, mmoja wetu anasema, "Hilo letu." Likishaambiwa hivyo limekuwa la kundi, na siku yoyote unaweza kumkuta shangazi yako jukwaani na kuku wake. Hakuna aliyelalamika. Ndiyo kanuni tuliyoitunga wenyewe.

Sasa baba yangu. Baba alikuwa mlinzi wa shule ya msingi huko Kisarawe, na ndiye aliyegonga kengele, ambayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Alianza kazi kijana akazeekea getini. Alikuwa na kofia ya mkono iliyokwisha kufifia nakshi, koti la mvua alilolivaa hata kiangazi, na gazeti kwapani. Gazeti halikukosekana hata siku moja. Liwe la juzi, liwe la mwezi uliopita, limetoka ofisi ya walimu au limefungiwa sukari dukani, kwake lilikuwa gazeti. Mtoto akiwahi kabla ya kengele, au akikwama kusubiri mvua ipite, baba anamkunjulia ukurasa na kuweka kidole. "Nisomee hapo nione kama unajua."

Mtoto anasoma. Baba anafumba macho, kichwa kimeinama upande. Mtoto akisitasita anaambiwa, "Rudia hapo." Akimaliza anaambiwa hewala, na akiwa amesoma vizuri sana anaambiwa amesoma kama mtangazaji wa redio, na siku hiyo mtoto huyo hashikiki. Nusu ya watu wa mtaa ule walijifunza kusoma kwa sauti pale getini. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nikinong'ona ananiambia, paza sauti mwanangu, gazeti halina siri. Sauti hii ninayoitupa mpaka benchi la mwisho bila kipaza sauti niliipata kwake. Chuoni walinipa cheti tu.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano nilipojua. Baba alikuwa anasumbuliwa na tumbo, nikamleta Kibaha akae kwangu, na hospitali wakasema afanyiwe operesheni. Nesi akampa fomu ya kukubali, asome kisha aweke sahihi. Baba akaipokea, akaitazama kwa muda, halafu akanigeuzia. "Nisomee hapo nione kama unajua."

Nilicheka. Nikamwambia, baba, mimi nimesoma mpaka chuo, leo ndiyo unanipima? Yeye hakucheka. Karatasi ilibaki imenyooshwa kwangu, na nesi amesimama na kalamu anatusubiri. Ndipo miaka yote ya getini ilipojipanga upya kichwani mwangu. Zile kurasa za sukari. Yale macho yaliyofumbwa. Nilimsomea fomu ile mstari kwa mstari, polepole, na hakuniambia nirudie mahali. Sahihi aliiweka, kwa sababu mwalimu mmoja wa zamani alimfundisha kuichora ili asiwe anabonyeza dole gumba.

Tulipobaki wawili akanieleza bila mimi kuuliza. Enzi zile za elimu ya watu wazima yeye ndiye aliyegonga kengele ya kuwaita wenzake darasani, kisha akabaki nje kulinda baiskeli zao. Wenzake wakatoka wanajua, yeye akabaki na baiskeli. Baadaye ikawa aibu kuanza, na gazeti la kwapani likamsitiri. Wale watoto, akasema, walimletea dunia nzima pale getini, na wao wenyewe walidhani anawapima. Hicho ndicho kilichokuwa kinamkosesha raha, hata kuliko operesheni.

"Iishie kwako," akaniambia. "Wale watoto wasijue. Wataona niliwadanganya."

Nilimwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi, na siku hizo niliamini kwamba ahadi kwa mzazi mgonjwa haivunjiki kwa sababu hakuna wa kuivunja.

Operesheni ilikwenda vizuri. Baba alirudi getini kwake, akaishi miaka mitatu na ushei, na gazeti lake kwapani. Alipofariki tulimzika Kisarawe, na mtani wangu alikuja na ndugu zake wawili, wakaja kama watani wanavyokuja. Mwili ulipokuwa unatoka walikaa njiani wakasema mzee haendi popote, hajawaaga. Waliombwa, wakabembelezwa, wakaondoka. Wakanywa uji uliopikwa kwa ajili ya wageni na kuulaumu kwamba umekorogwa na mtu mvivu. Watu walikuwa wanatabasamu kwa mbali, lakini mama hakutabasamu. Mama hakuwa amekula tangu siku ya kwanza.

Siku ya tatu, mchana, tumekaa kwenye mikeka macho yametuvimba, mtani wangu alitoka ndani amevaa koti la mvua la baba, kofia ya baba, gazeti kwapani, na mwendo ule wa baba wa kutanguliza bega la kulia. Mama alijishika kifua. Yeye akatembea taratibu mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu wa mvi zake, akamkunjulia gazeti na kuweka kidole. Nisomee hapo nione kama unajua.

Uwanja mzima ulipasuka. Mwenyekiti alisoma kweli, akaambiwa arudie hapo. Akaenda kwa mwenye duka, akaenda kwa mwalimu mkuu, akaenda kwa wajomba zangu. Wote walikuwa wamepita getini kwa baba, wote waliwahi kurudia hapo. Mama alicheka huku analia, na alipomaliza kulia aliomba chai. Nimewaona waigizaji wakubwa, lakini sijaona mwigizaji aliyefanya jambo kubwa kama lile, na hakukuwa na jukwaa wala tiketi. Nilimshukuru kwa mikono yote miwili.

Shukrani ile ndiyo iliyonifungua mdomo. Baada ya arobaini tulikuwa tunarudi Kibaha kutoka kwenye onyesho la shule moja, yeye anaendesha, vitu vyetu viko nyuma, tukasimama kununua mahindi ya kuchoma. Akaniambia mzee wangu alikuwa mwalimu kuliko walimu wenye chaki. Nikaona mtu huyu anastahili kumjua baba mzima. Nikamwambia yote: fomu ya hospitali, kengele ya watu wazima, baiskeli. Aliacha kutafuna. Alibaki ameshika lile hindi kama mtu aliyesahau lilivyofika mkononi mwake. Nikamwambia, "Hili letu tu, mtani." Akasema sawa.

Maneno hayo nimeyapitia mara nyingi kuliko maneno ya mchezo wowote. Hili letu tu. Langu na lako, ndivyo nilivyomaanisha, na kwa muda mrefu sikujua kwamba ipo namna nyingine ya kuyasikia.

Miezi minne baadaye tulikuwa na onyesho la shule sita kwa pamoja, na mojawapo ilikuwa ile ya baba. Barua yao niliiandika mwenyewe. Nilitaka watoto wale waje, wakae mbele, wanywe soda. Mchezo ulikuwa wa mtoto anayeogopa shule. Mimi mtoto, mtani wangu mlinzi wa getini, mwenzetu mwingine mwalimu mkuu. Tulifanya mazoezi wiki nzima, na katika mazoezi mlinzi alikuwa mlinzi yeyote. Anafungua geti, anamkaripia mtoto kidogo, anamruhusu apite. Sehemu yenyewe haikumaliza dakika mbili.

Siku ile nilifika kwenye geti letu la fremu ya mbao, nikapiga hodi, akatoka. Bega la kulia limetangulia. Koti la mvua. Kofia. Gazeti kwapani. Nilisikia watoto wa Kisarawe, waliokaa upande wa kushoto, wakivuta pumzi kwa pamoja, kisha mmoja akasema, "Babu." Nikafikiri, anamkumbuka. Amewaletea babu yao. Nakiri kwamba nilifurahi, na kwa muda wa hatua kama tano nilimpenda mtani wangu kama ndugu niliyenyonya naye.

Akanikunjulia gazeti. Nikasoma kwa sauti ya mtoto habari ya mvua zilizobomoa daraja, akaniambia nirudie hapo, na watoto wa Kisarawe wakaanza kusema pamoja naye, rudia hapo, rudia hapo, wamesimama kwenye mabenchi. Nikarudia. Nikapita getini, nikasimama mstarini mgongo kwa watazamaji, kama muhtasari ulivyosema. Zamu yake ilitakiwa kuishia pale. Badala ya kutoka, nikasikia hatua zake zinakwenda mbele, ukingoni mwa jukwaa. Nikageuza shingo. Alikuwa anatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuiba. Akalisogeza gazeti puani, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena.

"Msimwambie mtu," akawanong'oneza, kwa mnong'ono ule tunaoufundishana, unaofika mpaka mlangoni. "Babu yenu hajui hata a."

Kicheko cha watoto mia tatu chini ya bati hakina pa kwenda. Kilipanda, kikagonga, kikatushukia. Nami nilikuwa pale nimekumbatia ule mfuko wa madaftari. Haikutosha. Akaniita. "Wewe mtoto, hebu njoo unisomee tena." Nikaenda. Katika yote ya siku ile, hilo la kwenda ndilo linaloniuma, kwa sababu hakuna aliyenisukuma. Niliitwa jukwaani na miguu ikaitika kwa mazoea. Nikasoma tena habari ya daraja. Kila aliposema rudia hapo, sasa walijua, na walicheka kuliko mwanzo. Na humo ndani yangu kulikuwa na mwigizaji mmoja asiye na aibu aliyekuwa anaona kwamba kipande hiki ni kizuri, kwamba tunapokezana vizuri, kwamba hatujawahi kufanya kitu kizuri hivi.

Mwisho akamfanya mlinzi apige magoti, amwombe mtoto amfundishe herufi moja tu kabla kengele haijalia. Nikamshika kidole nikamchorea a hewani. Ukumbi ukanyamaza kabisa. Halafu walimu wakasimama wakapiga makofi. Siri ya baba ilikuwa imegeuzwa somo, tena somo zuri, na wote wakaondoka nalo.

Nyuma ya pazia kuna chumba kidogo cha viti vibovu. Nilimkuta humo, jasho linamchuruzika, amefurahi kama bwana harusi. "Mtani, umeona lakini? Wamevunjika mbavu wale, kisha wakalia. Umeona?" Nikamuuliza kwa nini. Akadhani nauliza kwa nini hakuniambia mapema, akaanza kunieleza kwamba tungekifanyia mazoezi kingepoa, kwamba alitaka uso wangu uwe wa kweli. Nikamwambia nilimkabidhi jambo la baba yangu, nikamwambia ni letu tu.

"Si ndiyo," akasema. "Ulisema letu. Kwenye kundi hili, letu ni letu."

"Nilisema letu *tu*."

Akacheka kwanza, akidhani utani unaendelea. Alipoona sicheki akakunja uso. Akasema hivi mimi nina nini. Msibani alimwiga mzee mbele ya mama yangu nikamshukuru kwa mikono miwili, leo amemwiga kwa heshima zaidi namtolea macho. Yeye ni mtani wetu, ana ruhusa. Wenzetu waliokuwa wanakunja vitambaa wakaunga mkono, jamani, mtani huyo, unamkasirikiaje mtani? Na kweli, kwa desturi zetu sina pa kumkasirikia. Mtani anaweza kuuzuia mwili wa baba yako njiani na wewe ukambembeleza. Nikimnunia, mwenye kasoro ni mimi. Nilitafuta neno la kumwambia, na nililipata moja tu.

"Msibani ulifanya kile ambacho kila mtu alikijua. Leo umefanya kile nilichokujulisha mimi."

Akajifuta shingo kwa ile kofia. Halafu akasema taratibu kwamba hata hivyo watoto wamempenda zaidi baba kuliko walivyompenda jana. Inawezekana ni kweli. Sitaki iwe kweli. Na habari ya kwamba hakulisikia lile *tu*, mimi siikubali. Alilisikia. Mtu aliyeacha kutafuna alisikia kila kitu. Alilisikia, akalibeba miezi minne, na alipokihitaji kile kipande alilidondosha neno moja njiani akabaki na mengine.

Sijapanda naye jukwaa tangu siku ile. Kundi lipo, kipande cha mlinzi kinaigizwa, naambiwa mpaka shule za mbali wanakiulizia. Nikikutana naye sokoni ananiita mtani, nami namwitikia mtani, tunatupiana mawili matatu, kila mtu anashika njia yake. Watu wanaotuona wanadhani tumepatana. Mimi nimebaki na maonyesho madogo ya kusoma hadithi, mimi na kiti, madarasani.

Lakini lipo jambo moja la mchana ule ambalo sijamsimulia yeye wala mume wangu.

Nilitoka nje nikiwa bado na sketi ya shule. Nilihitaji hewa. Watoto walikuwa wanapangwa mistari kwa ajili ya mabasi, na akaja msichana mmoja wa shule ya baba, wa darasa la sita hivi, sweta amelifunga kiunoni. Akaniamkia, nikaitikia. Akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wa babu, kwa sababu aliniona msibani. Nikasema ndiye. Na kabla hajaendelea nikamwahi. Nikamwambia yale ya jukwaani ni mchezo tu, mlinzi yule ni wa kutunga, babu yao alisoma vizuri kabisa. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Tangu darasa la tatu."

Akanieleza. Siku moja aliruka mstari bila kukusudia, babu akasema hewala. Kesho yake akaruka kwa makusudi. Siku ya tatu akasoma kitu kisichoandikwa, kwamba kule kwao mbuzi amezaa mapacha, na babu akafurahi sana, akauliza ni wa rangi gani, naye akasoma rangi. Basi tangu hapo akawa anamsomea habari za kwao. Mama yake alipolazwa aliisoma gazetini, ukurasa wa kwanza, mama wa mtoto fulani amelazwa na nyumbani amebaki bibi peke yake. Babu alifumba macho muda mrefu na hakumwambia arudie. Alipotoka shule alikuta babu ameweka kando mfuko wa mihogo, akaambiwa ampelekee bibi yake.

Nilitaka kumuuliza kama anadhani babu naye alijua kwamba anatungiwa. Nikashindwa. Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia mtu yeyote. Akasema hapana, kwa sauti ya kushangaa kidogo swali lenyewe. Hata mama yake hakumwambia. Hata mwenzake wa dawati moja. Darasa la tatu ni mtoto wa miaka tisa.

Mtani wangu alikuwa mlangoni amezungukwa na watoto wanaopiga kelele rudia hapo. Msichana akamtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Yule kaka aliambiwa na nani?"

Nilikuwa na kidole. Ningeweza kukinyoosha kule mlangoni na kusema mengi, na yote yangekuwa kweli. Ningeweza kumweleza habari ya *tu*. Lakini yeye hakuuliza nani alilisema jukwaani. Hilo alikuwa ameliona kwa macho yake.

"Ni mimi," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Alilifungua sweta kiunoni, akalivaa ingawa jua lilikuwa linachoma, akaenda kusimama mstarini na wenzake. Hakuniaga. Watoto wa shule ile wanajua kuaga, maana baba yangu hakumfungulia geti mtoto asiyeaga.